Mvinyo Uliokosa Neno Ukutani

Shamba la Haza Alta,
Benarjal, Granada.

24 Novemba 2019.

Mpendwa mpwa wangu Baldo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako, na kutoka kwa kila kilicho hai huku mlimani, kuku wakiwemo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichomlalamikia dada yako Nieves kwenye simu kimekwisha. Kama hakijaisha, chemsha limau na asali unywe, usijifanye shujaa. Huko Hamburg baridi ni ya maji, inaingia mpaka kwenye mifupa. Ya kwetu ni kali lakini angalau ni kavu.

Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Wiki hii linasema theluji iko njiani. Nieves hajambo, na shemeji yako Telmo hajambo, amenenepa kidogo lakini usimwambie nimesema. Ule ukuta wa mawe ulioporomoka wakati wa mvua kubwa ameujenga upya kwa mikono yake, na nakiri kwamba umenyooka kuliko ule niliojenga mimi. Nimemsifu mara moja, inatosha.

Malozi mwaka huu yamezaa vizuri. Yule nyumbu wetu Perla amezeeka, hataki tena kulima ila asubuhi, na akisikia kengele ya kanisa ya adhuhuri anasimama palepale kwenye mtaro, hata umpige kelele vipi. Tumemzoea. Tunasimama naye.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini niandike badala ya kukupigia simu. Nyumba hii, unavyoijua, kuta zake ni nene lakini masikio ya mama mkubwa wako Casilda yanapita ukutani, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Unakumbuka tulikuambia alivyoanguka Februari ya mwaka jana, mlangoni pa pango la mvinyo, siku ile barafu ilipotanda. Aligonga kisogo. Tulikuambia amepona, na kweli kichwa kimepona. Tusichokuambia ni kwamba pua haikupona. Hanusi kitu, Baldo. Hanusi kahawa, hanusi moshi, hanusi mvinyo.

Yeye mwenyewe hakujua mara moja, au alijua akajikausha. Aliyegundua ni mimi, mwezi wa Aprili, siku ya kujazia mapipa. Mvinyo ukikaa kwenye pipa hupungua, nawe umejazia mapipa hayo tangu ukiwa huwezi kuona juu yake, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Nilipofika mlangoni pa pango harufu ikanipiga usoni mpaka macho yakalia. Ndani nikamkuta dada yangu anachota kutoka lile pipa dogo la pembeni, ambalo lilikuwa limegeuka siki tupu, na anamimina polepole, kwa adabu zote, ndani ya pipa kubwa la zabibu za mtaro wa juu.

"Dada, unafanya nini?"

"Nacheza ngoma. Huoni najazia pipa?"

"Hiyo ni siki, dada."

"Siki babu yako."

"Babu yangu ni babu yako pia. Hebu nusa."

Akanusa. Akavuta pumzi ndefu sana, kama mtu anayetaka kuimaliza hewa yote ya pango. Halafu akanywa funda, akakunja uso.

"Uchachu nausikia," akasema. "Harufu hakuna. Ambrosio, niambie kweli. Ni siki?"

"Ni siki."

Akaketi kwenye ngazi ya mawe, ndoo miguuni. "Basi sijui hata ni tangu lini," akasema. Sijawahi kumwona dada yangu akikosa la kufanya na mikono yake, lakini siku hiyo aliiweka magotini na ikabaki pale. Roho iliniuma, na mpaka leo nikiandika hivi inaniuma.

Pipa lile tulilipoteza. Tunalo kama siki mpaka kesho, na jirani wote wa Benarjal wanatengenezea zeituni bure. Daktari wa Granada alisema pua inaweza kurudi au isirudi. Haijarudi. Nieves alijua siku mama yake alipokaanga migas, vile vipande vya mkate mkavu, huku vitunguu saumu vinaungua mpaka nyumba ikajaa moshi, naye anaimba tu jikoni, hana habari.

Kila mtu alidhani Casilda sasa ataacha kutengeneza mvinyo. Telmo alisema, tena kwa upole, kwamba tungeweza kumwajiri mtaalamu kutoka mjini awe anakuja kutusaidia kunusa. Mama mkubwa wako akamjibu, "Nikihitaji mtu wa kuninusia nitafuga mbwa." Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi ni mtu mzito wa kusifu, unanijua. Lakini naomba niseme nilichokiona kwenye mavuno ya mwaka jana, maana hukuwepo, na ni jambo ambalo mtu wa ukoo huu hapaswi kulikosa.

Huko bondeni walikuwa wameshamaliza kuvuna, wameshacheza na kulewa na kulala. Zabibu zetu bado zilikuwa mtini. Si ajabu, sisi huku juu daima ni wa mwisho, jua linatupenda mchana lakini usiku unatukaza kama ngozi ya ngoma, na ndiyo maana mvinyo wetu ni mwepesi na msafi na una ule uchachu unaokufanya utake kula tena. Lakini mwaka jana Oktoba ilikuwa inakwisha. Ukigeukia kusini unaiona bahari inametameta, ukigeukia kaskazini theluji imeshashuka mpaka nusu ya mlima. Telmo alikuwa anaikodolea macho theluji ile kama mdai wake.

"Mama, inashuka hiyo."

"Na ishuke."

"Tukikaa mpaka Jumapili itatukuta."

"Telmo, mwanangu, zabibu hazijasema. Nyamaza nizisikie."

Na kweli alikuwa anazisikiliza. Kila asubuhi alipanda mpaka mtaro wa juu, kwenye ile mizabibu mizee iliyojikunja chini kama vizee wanaoota moto, anachuma punje moja hapa na moja kule. Anatema ganda. Mbegu anaibana kwa meno ya mbele, anafumba macho, anauma. Ikijikunja kama mpira, bado. Ametuamuru tusitembee wakati huo, hata Perla ilibidi ashikwe asipige kwato. Siku ya siku mbegu ikavunjika kwa mlio mkavu, kama lozi ya kukaanga, nikausikia mpaka nilipokuwa nimesimama. Akafumbua macho akasema, "Leteni vikapu." Tukavuna vidole vikiwa vimekufa ganzi. Theluji ilianguka kesho yake, mizabibu ikiwa haina hata punje moja.

Pangoni ilikuwa hivyohivyo. Anaingiza mkono ndani ya juisi mpaka kwenye kiwiko, anapima joto kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Anabandika sikio kwenye pipa: "Hili linachemka vizuri. Hili limelala, liamsheni." Nilijitolea kumsaidia kwa pua yangu. Aliniambia pua yangu ni bomba la jiko, na kwamba mtu aliyevuta kiko miaka yote hiyo asithubutu kuzungumzia harufu mbele ya watu wazima. Dada yangu alitengeneza mvinyo mzima bila kuunusa hata mara moja, Baldo, na kila tone limetoka ndani ya ukuta wetu wa mawe, kama ilivyokuwa daima. Nimemtazama mwanamke huyu maisha yangu yote, na sikujua kama bado angeweza kunishangaza.

Lakini kutengeneza ni jambo moja, na kujua ulichotengeneza ni jambo lingine. Hilo ndilo linalomla.

Mvinyo ule umekaa kwenye mapipa mwaka mzima, na chupa ya kwanza tumeifungua siku ya Mtakatifu Martín, wiki mbili zilizopita, kama desturi. Mwaka jana hatukufungua, maana pipa lake ndilo lile lililokwenda siki. Tulichinja nguruwe asubuhi, soseji za damu zikachemshwa, meza ikajaa. Halafu ukafika wakati wa neno. Hujasahau, natumaini: kila mtu anasema neno moja kuhusu mvinyo mpya, Casilda anasema la mwisho, na la kwake ndilo linaloandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa pango, chini ya maneno ya babu na ya baba yake babu. Siku hizi mimi hushuka peke yangu nikayasoma. Lipo "Kiu," la mwaka wa ukame. Lipo "Moshi," la mwaka ule msitu wa ng'ambo ulipoungua. Lipo "Rosaura," la mwaka mama yako alipofariki. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Casilda hiyo ni harufu gani.

Basi tukaanza. Nieves akasema, "Cheri." Telmo akasema, "Maua." Mimi nikasema, "Mlima," maana nilitaka kumfurahisha. Lakini Casilda hakuwa anatazama glasi. Alikuwa anatutazama sisi nyusoni, mmoja mmoja, kama karani wa mahakama.

"Mnaniangalia kama maiti aliyelala sebuleni," akasema.

"Mama, mvinyo ni mzuri," akasema Nieves. "Haki ya Mungu."

"Mzuri. Na mwaka huu ungekuwa mbaya ungeniambia?"

Nieves akaizungusha glasi yake mezani.

"Ungeniambia, Nieves?"

"Sijui, Mama."

"Angalau wewe unasema kweli. Hawa wawili wananivika kilemba cha ukoka." Akachukua kipande cha chaki kutoka kwenye lile kopo la tumbaku la babu, akakitazama, akakitia mfukoni mwa aproni. "Siandiki nisichokijua."

Na hapo ndipo akatutolea lile lililobaki tumboni mwake. Kwamba kama mvinyo huu haukuwa mvinyo wa Haza Alta, basi ndio wa mwisho, na ule wa mwaka huu ulio bado pipani utauzwa bila jina. Kuanzia mavuno yajayo zabibu zitateremshwa kwenye ushirika wa bondeni, zimwagwe kwenye tangi moja na zabibu za kila mtu, zinywewe na watu wasiojua zimetoka wapi. Afadhali hivyo, alisema, kuliko jina letu kubandikwa kwenye chupa asiyoweza kuapa kwa ajili yake. Unajua Casilda akishasema kitu mezani siku ya Mtakatifu Martín, kimeshasemwa. Alivyosema atampeleka baba yako kwa padri kuoa, alimpeleka.

Nilimuuliza, "Sasa nani atakuambia kweli, dada, ikiwa sisi wote ni waongo?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mpelekeeni Baldo."

Nieves alicheka, mimi pia, kisha tukaacha kucheka, maana wote tulikumbuka kitu kimoja. Ulikuwa na miaka tisa, umekaa kwenye kiti kilichoongezwa mto ili ufike mezani, na mara ya kwanza ulipopewa tone la mvinyo uliochanganywa na maji uliutema kwenye kitambaa cheupe cha bibi na kusema kwa sauti, "Mbwa aliyelowa!" Mama yako aliona aibu akataka kukuchapa. Sisi tulicheka mpaka machozi. Casilda hakucheka. Alichukua glasi, akanusa tena, akashuka pangoni, akarudi akasema pipa limeharibika na mtoto ni wa kwanza kuligundua. Na ukutani akaandika "Mbwa." Lipo mpaka leo, na chaki yake ni nyeupe kuliko ya maneno mengine, kwa sababu nadhani anapita kulikolezea.

Basi mzigo huu utaletwa na Angustias, binti wa mwoka mikate, anayefanya kazi ya uuguzi huko kwenu. Anarudi Hamburg Jumatano. Mpokee vizuri, mpe kahawa, usimwache amesimama mlangoni kwa kuwa nyumba yako ni chafu. Ndani kuna chupa moja isiyo na karatasi ya jina, soseji mbili, na soksi za sufu alizozifuma mama mkubwa wako, moja ndefu kidogo kuliko nyingine, uzivae hivyohivyo.

Chupa iache isimame siku mbili, imechoka na safari. Usiitie kwenye jokofu kama bia za hao Wajerumani wako. Usivute sigara siku hiyo. Usinywee kwenye kikombe cha kahawa, najua maisha ya mwanamume anayeishi peke yake. Kaa nayo, usiwe na haraka, na usimwite mtu.

Nieves ameniomba nikuandikie kwamba uwe mpole. Mimi sikuombi hivyo. Nieves ana moyo mwema lakini haelewi kwamba sifa za uongo ndizo zinazomzeesha mama yake kuliko hilo pigo la kisogoni. Maoni yangu mwenyewe kuhusu mvinyo huu sikupi, maana nimekula kiapo mbele ya Casilda kwamba sitakutia neno mdomoni. Nitakuambia tu kwamba ile chupa ya mezani iliisha kabla ya soseji, nalo hilo halimo kwenye kiapo.

Sasa kuna jambo dogo, na usiponielewa vizuri nitakasirika. Ndani ya ile soksi ndefu, kule kidoleni, utakuta kipande cha chaki. Ndicho kile cha kwenye kopo la babu. Nilimwona Casilda akikitia mwenyewe. Nikamwambia, "Dada, Baldo atatuandikia neno lake, nasi tutaliandika na nini? Hakuna chaki nyingine humu ndani."

"Mwenye chaki ndiye atakayeandika," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

"Si akupigie simu tu?"

"Kwenye simu naweza kudanganywa. Kwenye barua pia. Lakini Baldo akidanganya masikio yake yanakuwa mekundu, tangu mdogo. Nataka kuyaona."

Baldo, tangu ulipoondoka baada ya mazishi ya mama yako, ukasema huwezi kulala tena ndani ya nyumba hii, Casilda hajawahi hata mara moja kukuita urudi. Kila Krismasi Nieves alitaka kukuomba, naye alimkataza. "Mtu si mbuzi wa kuitwa kwa kengele," ndivyo alivyosema, na kila mara aliposema hivyo alitoka nje. Sikuelezi unachopaswa kufanya. Una kazi yako, meli zako za watu zinahitaji injini. Nakueleza tu kwamba kupogoa mizabibu tunaanza Januari, baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, na kwamba ukuta wa pango una nafasi tupu chini ya neno la mwaka juzi, na Casilda ameipangusa vumbi.

Nisalimie Angustias mara ya pili, maana mara ya kwanza huwa anasahau. Nieves anakusalimu sana na Telmo pia, anauliza kama bado unacheza karata vibaya. Bibi Encarna wa ng'ambo ya bonde, aliyekusimamia ubatizoni, anakuombea kila Jumapili, na anasema usisahau kuvaa ile medali. Mama mkubwa wako hakutuma salamu. Ametuma mvinyo.

Bikira Mtakatifu wa Theluji akufunike kwa joho lake, akulinde na injini na ngazi na barafu, na akufungulie njia popote unapotaka kwenda.

Ni mimi mjomba wako akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Ambrosio

Nimekwisha kuifunga bahasha nikaifungua tena. Asubuhi hii, nikitoka kumlisha Perla, nimeona godoro la chumbani kwako limeanikwa dirishani, juani. Si mimi niliyelitoa. Nieves na Telmo wako mjini tangu jana.